Msimu Ambao Sikwenda Kwenye Barafu

Jumanne, 1 Oktoba. Buffalo

Simu ya kliniki ilinikuta maabarani, glavu mikononi, trei ya kuvumwani mbele yangu. Muuguzi aliniuliza kama nimeketi. Nikaketi. Akasema vipimo vyangu vyote ni safi: moyo, mapafu, meno, damu. Kimoja tu ndicho kina neno, na wala si ugonjwa. Nina mimba.

Alinipa hongera. Kisha, kwa sauti ileile, akasema jina langu litaondolewa kwenye safari ya Antaktika. Kule barafuni hakuna wa kumzalisha mtu, wala ndege ya kumtoa hali ya hewa ikichafuka.

Nilibaki na glavu zangu. Tangu nihamie hapa kutoka Columbus nimekuwa na kazi moja: kuelewa jinsi kuvumwani, yale majani mafupi ya kijani yanayotambaa juu ya mawe, yanavyoishi mahali ambapo hata nyasi zimeshindwa. Nimeyasoma ndani ya friza. Sijawahi kuyaona yakiwa kwao. Mwezi ujao ningeyaona.

Jioni nikampigia mume wangu. Bagula alibaki Columbus kwa sababu ya kazi yake ya bohari. Tulikubaliana atanifuata huku mwakani. Nikamwambia nina mimba.

"Bon," akasema, Kifaransa chake cha Kongo. "Mungu ametoa."

Nilingoja aongeze neno. Akauliza kama huku kumeanza baridi.

Alhamisi, 3 Oktoba

Nimetapika kwenye maegesho ya chuo. Mvua.

Jumatatu, 7 Oktoba

Profesa Kowalczyk, msimamizi wangu, amempa Kipkoech nafasi yangu. Kipkoech ni Mkenya mwenzangu, amenitangulia mwaka mmoja hapa maabarani, na kusema kweli hakuna anayefaa kuliko yeye. Alikuja mezani pangu akisugua shingo.

"Makena, mimi sikuiomba."

"Najua."

"Ukitaka nikatae, nitakataa."

Nikamwambia aende, na aniletee vipande kutoka upande wa mlima unaotazama jua na upande wa kivuli, kwa sababu hilo ndilo swali langu. Tunajua kuvumwani hujikausha kabla ya baridi kali, maji yakatoka ndani yake, barafu isipate cha kupasua. Tunajua hujiwekea sukari mwilini ya kuilinda. Hatujui ni nani huiambia kwamba wakati umefika. Ikichelewa, baridi huikuta imejaa maji, nayo hufa.

Aliandika yote. Alipoondoka nikalia kidogo chooni. Kisha nikala ndizi mbili, nikashangaa njaa niliyokuwa nayo.

Jumapili, 20 Oktoba

Mama mkwe amepiga simu kutoka Louisville. Huwa hapigi. Tunamwita Mama Dative, kwa jina la binti yake wa kwanza. Alitoka Kivu na watoto wanne na sasa anaishi Newburg, katika zile nyumba za kupanga ambako kila mlango kuna Mkongomani. Hakunitaka. Nilimzidi mwanawe umri, nilimzidi masomo, na nilikuwa Mkenya. Kwenye harusi yetu mwaka jana alicheza na kila mtu isipokuwa mimi.

"Nasikia uko na tumbo," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Bon. Sasa utaacha ile mambo ya majani."

Nikamwambia nitaacha kusafiri tu, kusoma siachi. Akasema mwanamke anayemwacha bwana Columbus ili akalale na majani Buffalo, asishangae. Sikumuuliza nisishangae nini.

Jumamosi, 2 Novemba

Kipkoech ameondoka. Theluji ya kwanza, nyepesi, imeyeyuka kabla ya adhuhuri.

Jumanne, 12 Novemba

Skani. Ni msichana. Nilimtumia Bagula picha saa ya mapumziko yake ya chakula. Alijibu na alama ya moyo.

Jumamosi, 30 Novemba. Louisville

Nilimpitia Bagula Columbus siku ya Jumatano, tukaja Newburg kwa sikukuu ya Shukrani. Alinishukia chini kwenye maegesho akiwa tayari na begi lake. Hakutaka nipande juu. Alisema nyumba ni chafu, anaona haya. Nikaona ni aibu ya mume aliyezoea kukaa peke yake.

Kwa Mama Dative kulikuwa na watu hadi ngazini. Bukari, ule ugali wao, sombe ya majani ya muhogo, samaki, na bata mzinga mmoja ambaye hakuna aliyemgusa ila watoto. Watoto wanazungumza Kiingereza, wazazi wanawajibu kwa Kiswahili, na hakuna anayeona ajabu.

Mama Dative aliweka kiganja tumboni mwangu bila kuniomba. Mkono mgumu, wa moto. Miaka yote hapa amekunja mashuka ya hospitali.

"Iko inacheza," akasema.

"Sana asubuhi."

"Iko nani? Mwanamuke?"

"Msichana."

Akaondoa mkono. Nikajua hakufurahi. Baadaye nikamsikia jikoni akimwambia jirani yake kwamba mukamwana wake anasomaka majani ya mawe, na wote wakacheka. Nilimtazama Bagula anitetee. Alikuwa amesimama barazani, mgongo kwetu, akizungumza na simu kwa sauti ya chini.

Jumatano, 4 Desemba. Buffalo

Nimehesabu sukari ya kuvumwani siku nzima. Mtoto amelala, nami nimesinzia.

Jumatatu, 9 Desemba

Wanasema dhoruba inatoka ziwani. Jirani amenisaidia kuweka chumvi kwenye ngazi. Hapa Tonawanda, pembeni ya Buffalo, watu wanaizungumzia theluji kama watu wetu wanavyozungumzia shemeji mlevi: atakuja, atavunja vitu, ataondoka.

Jumatano, 18 Desemba

Nitaandika sasa, kwa sababu nisipoandika leo sitaandika kamwe.

Alhamisi iliyopita asubuhi umeme ulikatika chuoni. Jenereta iliwaka, ikazima. Profesa Kowalczyk alinipigia akiwa amefungiwa na theluji kwake, kusini ya mji. Alisema nisitoke, alikuwa anatafuta mlinzi wa kuhamisha trei. Mlinzi hakujua friza ipi ni ipi. Mimi nilijua. Barabara yangu ilikuwa imefagiliwa, nikaenda.

Ghorofa ya chini kulikuwa na friza yenye umeme wake. Lifti ilikuwa imesimama. Nilibeba trei kwa ngazi, moja moja, mlinzi akibeba nyingine. Si nzito. Mtu yeyote anaweza kuzibeba. Naandika hivi kwa sababu nimelirudia jambo hili kichwani mpaka limechakaa: hazikuwa nzito.

Ijumaa nikaamka na maumivu ya kiuno. Nilidhani ni uchovu. Nilipofika bafuni nikaona damu.

Gari la wagonjwa lilitanguliwa na la kufagia theluji. Hospitali walikuwa wapole sana, na upole wao ndio uliniambia. Daktari akasema mlango wa kizazi umefunguka wenyewe. Nikamuuliza kuhusu ngazi. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akanishika kifundo cha mguu juu ya blanketi. Akasema ungefunguka hata kama ningelala wiki nzima.

Alizaliwa mchana. Alikuwa na kucha. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba miezi mitano mtoto ana kucha. Alipumua kidogo, au mimi niliona hivyo, kisha akaacha. Nilimshika mpaka akapoa, nikaendelea kumshika.

Bagula nilimpata kwenye simu jioni. Nikamwambia yote, nikamwambia na ngazi, kwa sababu ni mume wangu na sikutaka kumficha kitu.

"Ulienda kazini? Mu ile theluji?"

"Barabara ilikuwa wazi. Daktari amesema si ngazi."

"Uliua mutoto juu ya majani," akasema.

Kisha akasema barabara kuu imefungwa, hawezi kuja. Siku mbili baadaye ilifunguliwa. Hakuja.

Alhamisi, 19 Desemba

Siku ya Jumapili, nilipotoka hospitali, nilikuta mtu ameketi kwenye ngazi zangu juu ya mfuko wa plastiki, amejifunga kitenge juu ya koti. Nilidhani ni jirani mgonjwa. Alikuwa Mama Dative. Alikuwa amepanda basi Louisville Jumamosi asubuhi, akalala njiani, akafika na kuningoja. Viatu vyake vilikuwa vya kanisani.

Niliogopa. Nikafikiri amekuja kusema uso kwa uso yale ambayo mwanawe aliyasema kwa simu. Nikaanza mwenyewe, tukiwa bado mlangoni: "Mama, nilibeba trei."

"Fungua mulango. Iko baridi."

Ndani akanivua viatu. Akachemsha maji, akanikanda tumbo na kiuno. Nilipoanza tena habari za ngazi, akaacha mikono palepale.

"Sikia. Miye nilitembeaka mu pori na mimba kubwa, na njaa, batu banapiga bunduki nyuma. Nikazaa muzima. Ni ule Bagula. Ingine, nilikuwa nyumbani, nalala ku kitanda muzuri, mama yangu iko ananipikia. Ile ikaenda. Donc usiniambie ngazi."

Sikujua kwamba alipoteza mtoto. Bagula hakuwahi kuniambia. Labda hata yeye hajui.

Ndiyo maana leo nimeweza kula.

Ijumaa, 20 Desemba

Hospitali walikuwa wamesema wanaweza kushughulikia kila kitu. Mama Dative akaniuliza kushughulikia ni nini. Nilipomweleza, akasema hapana, mtoto atazikwa, na atazikwa na jina.

Tulimzika leo, Tonawanda. Ardhi ilikuwa imeganda hivi kwamba wachimbaji walitumia mashine. Alikuja Pasta wa kanisa la Wakongomani wa hapa, na wanawake wa kwaya yake waliotoka moja kwa moja zamu ya usiku kiwandani, buti zao bado miguuni. Waliimba polepole, mvuke ukiwatoka midomoni. Profesa Kowalczyk alisimama nyuma, kofia mkononi kwenye baridi ile, mpaka masikio yake yakawa mekundu.

Pasta aliuliza jina. Sikuwa nalo. Tulikuwa tumesema tutalitafuta Krismasi.

"Aksanti," akasema Mama Dative.

Nilimgeukia. Kule kwao ni jina la watu, najua. Lakini hasira ilinipanda. "Aksanti ya nini, Mama?"

"Ya kukuya kwetu," akasema. "Si alikuya?"

Akaokota bonge la udongo, akalivunja kwa vidole mpaka likawa laini, ndipo akanipa nitupe.

Jumatano, 25 Desemba

Theluji. Mama amepika wali. Bagula amempigia yeye, si mimi.

Jumanne, 7 Januari

Profesa amenieleza kwa upole kwamba trei nilizohamisha zilikuwa zimepata joto kupita kiasi kabla sijafika. Jaribio haliwezi kusimama tena. Zote zimetupwa. Alikuwa amengoja niwe na nguvu ndipo aniambie.

Niliporudi nyumbani nikamwambia Mama kwamba ni bure. Nilikwenda bure. Hakusema Mungu ana mpango. Alisema, "Ah," kama mtu aliyejigonga kidole, akakaa karibu nami.

Jumatatu, 13 Januari

Kipkoech ametuma ujumbe wa sauti kutoka Antaktika. Hajui. Hakuna aliyetaka kumwambia akiwa mbali. "Makena, hii kitu ni zulia kabisa," anasema, na upepo unapiga nyuma ya sauti yake. "Unapiga magoti, unakanyaga na goti, inarudi juu. Ungekuwa hapa ungelia."

Picha alizotuma sijazifungua.

Alhamisi, 16 Januari

Baridi kali kuliko zote. Mama ametoka kumwaga maji, akarudi akicheka peke yake: yameganda kabla hajageuka.

Jumanne, 21 Januari

Amesema anataka kuyaona hayo majani. Nilidhani ni namna ya kunitoa kitandani, na ilikuwa hivyo. Nikampeleka maabara. Nikamwekea kipande chini ya darubini, akainama akiwa amefumba jicho lisilopaswa. Tukarekebisha. Alikaa pale muda mrefu.

"Iko na majani kabisa," akasema. "Kadogo kadogo. Inakulaka nini?"

"Mwanga. Na maji kidogo ya theluji inapoyeyuka. Wiki chache tu kwa mwaka."

"Na miezi ingine?"

"Inangoja."

"Inapata taabu," akasema, kama mtu anayezungumzia jirani. Kisha akamgeukia Profesa Kowalczyk, ambaye hajui neno la Kiswahili, akamwambia kwa Kiswahili kwamba mukamwana wake anafanya kazi ya maana. Nikatafsiri huku uso unaniwaka.

Usiku huo nililala bila kuamka.

Jumamosi, 8 Februari

Bagula alikuja leo.

Alifika saa nne asubuhi, akaketi bila kuvua koti. Mama alimwekea chai akaenda chumbani, akafunga mlango. Nilimtazama nikaona amekonda. Nikaanza kumsamehe hata kabla hajasema kitu. Ndivyo nilivyo.

"Tuende kaburini," nikamwambia. "Si mbali."

"Makena, ngoja."

Akazungusha kikombe. "Bon. Donc, kuko mutu. Ku Columbus. Anaitwa Umwali. Tunakaa naye."

Nilimuuliza tangu lini, akasema tangu kiangazi. Kiangazi ndipo mimi niliposhika mimba. Nikakumbuka alivyonishukia maegeshoni na begi lake.

"Na iko na tumbo," akasema. "Atazaa mwezi wa ine, Aprili."

Nilisikia kila neno vizuri. Nilisikia na gari la kufagia theluji likipita nje, na jirani akiita mbwa wake. "Uliniambia nimeua mtoto," nikasema. "Ukiwa umekaa na mtu mwenye mimba yako."

"Nilikuwa na hasira."

"Na nani?"

Alisimama, akasema atafuata mambo ya talaka vizuri, hatanisumbua. Hakwenda kaburini. Alipita pale kwenye barabara ya kutokea mjini, kwa sababu hakuna njia nyingine, na sijui kama aligeuza shingo.

Nikafungua mlango wa chumbani. Mama alikuwa ameketi kitandani, mikono mapajani.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Basi ilisimama Columbus mu Desemba. Nikaenda kwake, nimuchukue tukuye naye. Ule binti akafungua mulango. Nikaona tumbo."

"Na ukakaa na mimi miezi yote hii. Ukanikanda."

"Ningekuambia siku gani, Makena? Hata maji ulikuwa haunywi."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu. Nikatoka nikamwacha.

Jumapili, 9 Februari

Sikusema naye.

Jumatatu, 10 Februari

Sikusema naye. Amepika. Nimekula maabarani.

Jumatano, 12 Februari

Nilirudi nikakuta mfuko wake umefungwa karibu na mlango. Nyumba imefagiliwa, sufuria zimegeuzwa.

"Kuko basi kesho asubuhi," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Siku zote hizi nilikuwa nayanoa. Nilipomwona na vile viatu vya kanisani, yakaniishia. Alikuwa amekuja kwangu siku ambayo angeweza kubaki kule, kwa mwanawe, kwa mjukuu aliye hai tumboni. Aliona tumbo lile, akarudi kupanda basi, akaja kukaa kwenye ngazi zangu.

"Baki," nikasema.

"Uko na hasira."

"Ninayo. Baki nayo."

Akafungua mfuko, akatoa kitenge, akakitundika tena nyuma ya mlango.

Jumapili, 2 Machi

Mvua juu ya theluji. Kipkoech amerudi. Aliambiwa akiwa njiani. Alikuja na sanduku la vipande nilivyomwomba, vya upande wa jua na vya kivuli, akaliweka mezani, akabaki wima na koti lake. Nikamwambia aketi ale. Alikula, na Mama akamwongeza mara mbili, na mwishowe akalia Kipkoech, nikambembeleza mimi.

Jumatano, 5 Machi

Profesa ameniuliza kuhusu msimu ujao. Nimesema ndiyo. Kliniki ileile, muuguzi yuleyule, au sauti yake. Afya yangu ni kamili. Mimba: hakuna. Naweza kwenda.

Jumatatu, 10 Machi

Bagula anampigia mama yake kila siku. Umwali ni binti mdogo, hana mama hapa Marekani, hana dada. Anaogopa kuzaa. Bagula anaomba mama yake aende.

"Siendi," Mama ananiambia baada ya kila simu. "Aliharibu, atengeneze."

Usiku nasikia kitanda chake kikilia, anageuka huku, anageuka kule.

Ijumaa, 14 Machi

Nilimwambia asubuhi, tukinywa chai.

"Mama, kesho nitakupeleka Columbus."

"Nilisema siendi."

"Mtoto hana kosa."

Akaweka kikombe chini. "Na weye?"

"Mimi nitaendesha gari."

Jumapili, 16 Machi

Tulifika Northland, mtaa wa Bagula huko Columbus, jana saa nane mchana. Barabara ya Morse ilikuwa na jua, watu wanatoka madukani na mifuko ya unga. Mimi na Bagula tulikutana hapo zamani, kwenye duka moja, tukigombea ndizi za kupika za mwisho. Nililipita bila kulitazama.

Nilikusudia kushusha mfuko na kuondoka. Lakini mfuko ulikuwa mzito, nikaupandisha juu. Umwali alifungua. Ni mtoto, kwa kweli. Aliponijua, akashika mlango kama mtu anayengoja kofi.

"Karibuni," akasema, sauti haitoki.

Nilikuwa nimeangalia chini ili nisitazame tumbo. Ndipo nikaona miguu. Ilikuwa imevimba mpaka kwenye magoti, ngozi inang'aa.

"Miguu iko hivi tangu lini?"

"Tangu wiki iliyopita."

"Kichwa kinauma?"

"Sana. Na macho, naona kama nyota."

Mimi si daktari wa watu, ila mwaka huu nimesoma kila kitu kinachoweza kumpata mwanamke mjamzito. Usiku mwingi sikuwa na la kufanya ila hilo. Nikamuuliza Bagula yuko wapi. Bohari, akasema, na bohari hawaruhusu simu, zinafungiwa kabatini. Mama alikuwa ameanza kutafuta koti la binti.

Niliendesha. Mama aliketi nyuma naye, kichwa cha binti begani kwake. Kwenye kioo nikamwona Umwali ananitazama. "Nisamehe, dada," akasema. Nikamwambia afumbe macho apumzike. Hilo ndilo pekee nililoweza kumpa.

Hospitali walimpima presha wakakimbia naye. Mtoto alitolewa kwa upasuaji kabla ya jua kuchwa. Mvulana, mdogo, anapumua. Sauti yake tuliisikia tukiwa koridoni. Mama alisimama, akaniangalia, hakusogea.

"Nenda," nikasema.

Akaenda.

Bagula akatokea mbio, fulana ya kazi ya njano bado mwilini. Muuguzi alikuwa ameshamwambia. Alisimama mbele yangu.

"Makena. Ulimuleta weye?"

"Miguu ilikuwa imevimba."

Nilidhani atashukuru au ataomba radhi, na nilikuwa tayari kuondoka kabla hajafanya lolote kati ya hayo. Akaketi kwenye kiti cha plastiki. Kisha akauliza, akiangalia sakafu:

"Ule wetu. Alikuwa anafanana nani?"

Tangu Desemba hakuna aliyeniuliza. Hata Mama hakuwahi, kwa kuniogopea. Nilitaka ajue.

"Paji la uso lilikuwa lako," nikasema. "Vidole vyangu. Kucha zilikuwa zimeshatoka."

Akafunika uso. Nilimwacha analia pale, nikashuka kwenye gari. Nililala kwenye hoteli ya njiani, nimefika Tonawanda leo mchana. Nyumba ni baridi. Nilisahau kuacha hita imewashwa.

Jumanne, 18 Machi

Nimeanza na vipande vya kivuli. Kazi nyingi. Kipkoech ananisaidia.

Jumatano, 26 Machi

Theluji imetoka juu ya kaburi. Nimeenda na Pasta kupima mahali pa jiwe.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua siku nzima. Nimekaa kitandani. Picha za Kipkoech nimezifungua zote. Ni kijani kweli. Nimelia mpaka kichwa kimeuma, si kwa ajili ya picha.

Saa moja jioni Mama akapiga simu. Mtoto ameletwa nyumbani. Nilimsikia nyuma ya sauti yake, analia kama mlango unaohitaji mafuta. Mama hakumtaja zaidi ya hapo. Akaniuliza habari za kazi, nikamjibu. Akaniuliza nimekula nini.

Nilifikiri kumdanganya. "Sijala, Mama."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu jana."

Nikamsikia akimpa mtu mwingine mtoto, akavuta kiti, akaketi.

"Weka maji ku moto," akasema. "Sikati simu mpaka nisikie inachemka."

Nikaenda jikoni, nikajaza sufuria, nikawasha jiko, nikaweka simu pembeni yake. Tulikaa hivyo, yeye Columbus na mimi huku, mpaka yakachemka.